Mdomo wa Bomba

Nilipostaafu kazi ya ualimu mkuu nilijitengenezea tanuri dogo la kufulia chuma nyuma ya nyumba. Halitumii makaa wala mivukuto, bali gesi ya mtungi. Gesi hutoka kwa kasi katika tundu dogo, huvuta hewa pamoja nayo, vikachanganyika ndani ya bomba la robo tatu ya inchi, na vikawaka mdomoni. Ndivyo ilivyotakiwa iwe. Lakini siku nilipolijaribu bomba langu uwanjani, moto ulishika, ukaruka mbali na mdomo kiasi cha shibiri, ukafa. Nikapunguza gesi, ukarudi nyuma na kunguruma ndani ya bomba. Nikaongeza, ukaruka tena.

Nikalipeleka kwa fundi mmoja wa kuchomelea, kijana wa umri wa wajukuu zangu. Alinipa shikamoo, akaligeuza bomba mkononi, akasema, "Mwalimu, moto huu hauna pa kukaa. Unataka mdomo wa tarumbeta." Kwanza alilikataa bomba lenyewe kwa kuwa lilipakwa zinki, na moshi wa zinki humtia mtu homa. Akachukua jingine la chuma kitupu, akaupasha moto mwisho wake hadi ukawa mwekundu, akatia ndani yake pia ya chuma na kuigonga huku akilizungusha bomba. Aligonga kidogo, akapasha tena, akagonga. Katika urefu wa inchi 3 mdomo ulipanuka ukafikia inchi 1. Nilimwambia aupanue zaidi, kazi iishe. Akakataa. Ukiufungua ghafla, alisema, gesi haifuati kingo, hupita katikati kama kwamba hukupanua kitu.

Tulipowasha, moto ulikaa. Hesabu yake ni rahisi: nafasi ya kupita imeongezeka karibu mara 1.8, basi mwendo wa gesi umepungua kufikia kidogo zaidi ya nusu. Moto nao una mwendo wake wa kula gesi kurudi nyuma. Gesi ikiuzidi mbio, moto hubebwa ukatupwa hewani. Ikizidiwa, moto huingia bombani. Pale mdomoni vilikuwa vimelingana.

Fundi alifurahi. Mimi nilinyamaza, maana nilikuwa nimekumbuka mshumaa.

Mwaka 1978 nilikuwa nafundisha sayansi darasa la sita, wanafunzi sitini na zaidi katika chumba kimoja. Niliwasha mshumaa, nikaupuliza, nikawaambia kwamba umezimika kwa sababu pumzi tunayotoa haina oksijeni. Ndivyo nilivyoambiwa nami. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona mama akipuliza makaa kwa mdomo huohuo yanawaka?" Darasa likacheka. Nikamwita mbele, nikamchapa viboko viwili kwa ubishi.

Pumzi tunayotoa ina oksijeni kiasi cha asilimia 16, na hewa ya kawaida ina asilimia 21. Mshumaa huzimika hasa kwa sababu upepo wa kinywa huuondoa moto juu ya utambi pamoja na mvuke wa nta unaowaka, upesi kuliko moto unavyoweza kurudi. Kaa la moto halina mvuke wa namna hiyo; huwaka lenyewe, joto lake limo ndani yake, na upepo hulizidishia hewa. Jibu la yule mtoto lilikuwa lilelile lililolifanya bomba langu linishinde.

Najiuliza kama siku ile nilisema uongo. Wapo watakaonitetea kwamba mtu asemaye asilolijua kuwa si kweli amekosea tu, hakudanganya. Nakubali kwa habari ya maneno ya kwanza, yale ya pumzi na oksijeni. Lakini aliponiuliza, nilijua papo hapo kwamba sijui. Nililiona kaa likiwaka katika mawazo yangu kama alivyoliona yeye. Kuanzia hapo sikuwa tena mtu aliyekosea. Fimbo ndiyo iliyosema uongo, kwa kuwa ilisema kwamba swali limejibiwa.

Chuoni tulionywa kwamba mwalimu akionyesha shaka mbele ya darasa hupoteza darasa. Siwadharau waliotuonya; yeyote aliyesimama mbele ya watoto sitini anajua hofu ile. Ila yule kijana wa kuchomelea hakujua hesabu ya mwendo wa gesi, wala hakujifanya anaijua. Alisema alichokiona kwa macho na mkono, akaishia hapo, nami sikumheshimu pungufu. Kwa nini nilidhani watoto wangeniheshimu pungufu?

Yule mvulana sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu. Ana duka la vipuri vya baiskeli katika mji mdogo ninapobadilishia basi. Mwezi uliopita aliniona kituoni, akavuka barabara, akanipa shikamoo na kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Akauliza habari za afya yangu na za mama watoto. Nikamweleza habari za afya. Basi likaja, nikapanda.