Je, Mashine Yaweza Kushuhudia Uongo?



Sinema zimetuzoesha kuiogopa kompyuta inayowaasi mabwana zake. Katika 2001: A Space Odyssey, sinema ya Stanley Kubrick ya mwaka 1968, kompyuta iitwayo HAL inawaua wanaanga wanne kati ya watano iliokabidhiwa. Tukiisha kutazama twajiuliza: je, siku moja mashine zitatutawala?

Lakini Januari 2024 televisheni ya Uingereza ilionyesha mchezo uitwao Mr Bates vs The Post Office, uliotokana na mambo ya kweli. Humo kompyuta haiasi wala haisemi. Inakosea hesabu tu. Ilionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Kati ya 1999 na 2015, wasimamizi wa ofisi ndogo za posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu. Wengi walilia kwamba hawakuchukua kitu. Wakubwa wakashikilia kwamba mashine ni nzima.

Sisi tuliofundisha hesabu twajua: jibu la mtoto likipingana na la kitabu, mwalimu mwema huirudia hesabu kabla ya kushika fimbo. Mara nyingine kitabu ndicho kilichokosea.

Mashine haina dhamiri, basi haiwezi kushuhudia uongo. Ashuhudiaye uongo ni mtu anayeiapia bila kuikagua. Siku mwenzetu atakapoitwa mwizi kwa sababu mashine imesema, tuketi naye, tuirudie hesabu pamoja.