Usingizi wa Muuguzi



Hapa Sirari mchana hauna kimya. Malori yanangoja kuvuka kwenda Isebania, wapiga debe wanaita abiria, watoto wanacheza uani. Katikati ya kelele hizo muuguzi aliyekesha kazini anajaribu kulala.

Siku moja, saa sita mchana, nilibisha mlango wa jirani yangu muuguzi nikimwomba atazame kidonda cha mjukuu wangu. Alitoka macho mekundu, akakisafisha, akakifunga, wala hakunung'unika. Baadaye alituambia kwamba hapati tena usingizi bila kidonge. Zamani kilikuwa kimoja, sasa ni viwili. Ameniruhusu niyaandike haya bila jina lake.

Je, amekosa? Wengi tutajibu upesi kwamba yeye ajuaye dawa ana kosa kubwa kuliko asiyejua. Ni kweli anajua. Diazepamu, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963 kwa jina la Valium, hutuliza, lakini mwili huizoea na kudai zaidi. Aliyeizoea akiiacha ghafula aweza kushikwa na degedege. Tena mkono uliolegezwa na dawa ni hatari kwa mgonjwa.

Lakini tusikate shauri kwa kusikiliza upande mmoja. Mwaka 1984 msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali ya New York, Marekani, akihudumiwa na madaktari waliokuwa bado mafunzoni, wenye zamu ndefu mno. Mwaka 1989 jimbo lile liliweka mpaka wa saa 80 kwa juma kwa madaktari wa namna hiyo. Ilibidi mtu afe ndipo ikubalike kwamba mwenye kutibu naye ana mwili.

Maandiko yalijua hayo zamani. Eliya alipochoka hata akaomba kufa, malaika hakumkaripia. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Safari ilifuata baadaye.

Basi, ndugu zangu, kidonge kile si cha muuguzi peke yake. Yeye na amwendee tabibu, aseme kweli, na dawa ipunguzwe kidogo kidogo. Wakubwa wa kazi wapange zamu kwa haki. Nasi tusio na dharura tuuache mlango wake.

Kidonda cha mjukuu wangu kingeweza kungoja hadi jioni.