Rafu Moja, Mizani Miwili

Nilipokuwa beki wa timu ya mtaa hapa Likombe, niliwahi kucheza rafu moja mara mbili. Ileile: njumu juu, macho kwenye mpira, mwili umeshachelewa. Winga wa kwanza alikung'uta mchanga, akanitukana kidogo, tukaendelea. Wa pili alivunjika mguu, akabebwa kwa bajaji hadi Ligula. Ya kwanza hakuna anayeikumbuka. Ya pili ilinipa kadi nyekundu, na jina baya mpaka leo.

Sasa niambie, msomaji: siku ile ya pili nilikuwa mtu mbaya zaidi?

Sheria ya 12 ya soka ingesema hapana. Inamtaka refa apime kitendo: ni uzembe, ni kutojali hatari ya mwenzako, au ni nguvu kupita kiasi? Ligi ya Australia, AFL, yenyewe hupanga athari kwa madaraja manne, kuanzia ndogo hadi kubwa mno, na taarifa ya daktari huwekwa mezani. Lakini hata huko, huangaliwa pia jeraha ambalo lingeweza kutokea. Yaani bahati ya aliyepigwa isiwe wakili wa aliyepiga.

Kwetu ipo kesi inayovuruga hesabu hizi. Septemba 2015, Juma Nyosso wa Mbeya City alimshika makalio John Bocco wa Azam, mechi ikiendelea. Bocco hakuvunjika kitu. Nyosso akafungiwa miaka miwili na kutozwa faini ya Sh milioni 2. Utasema, mbona anayevunja mguu anarudi baada ya mechi chache? Mimi naona hivi: mguu huvunjwa hata na beki aliyechelewa tu. Mtu hadhalilishwi kwa kuchelewa. Tena Nyosso alishaadhibiwa mapema mwaka huohuo kwa kosa la aina hiyo. Heshima haina picha ya eksirei, lakini nayo huvunjika.

Basi adhabu ifuate dhamira, na fidia ifuate maumivu. Kwa winga wa kwanza nilistahili kadi ileile, nikaponea. Kwa wa pili nilidaiwa kadi, na juu yake nauli ya bajaji, na kwenda kumjulia hali mpaka atembee.

Kadi niliitumikia. Kumjulia hali, nilikwenda mara moja tu. Hilo hakuna kamati iliyoliwekea daraja.