Feza Yetu Inafanya Kazi Gani Wakati Tumelala?



Mara nyingi waamini wanauliza kama feza ya wizi au ya udanganyifu inaweza kuingia katika sanduku la Kanisa. Ni swali zuri. Lakini liko swali la pili ambalo tunaliuliza mara chache. Feza safi, tuliyoipata kwa jasho letu, tukiiweka katika kazi ya mtu mwingine ili ituletee faida, inakwenda kufanya nini? Na yanayotendeka kwa feza hiyo, Mungu atayahesabu juu ya nani?

Tuwakumbuke makuhani wa Yerusalema (Matayo 27). Yuda aliporudisha vile vipande 30 vya feza, walikataa kuvitia katika sanduku la hekalu, kwa maana vilikuwa bei ya damu. Katika jambo hilo walishika sheria. Lakini nani alimlipa Yuda? Ni wao wenyewe. Feza ilipotoka mikononi mwao hakuna aliyeuliza neno. Iliporudi, wote wakaona damu juu yake.

Sisi watu wa Kasongo tuna sababu ya kulielewa jambo hili. Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, alifika hapa karibu na mwaka 1875, na Kasongo ikawa mji mkubwa wa biashara ya pembe za tembo. Bunduki, nguo na shanga za misafara yake zilipatikana Zanzibar kwa mkopo, na mkopeshaji wake mkubwa alikuwa tajiri Mhindi, Taria Topan. Mkopo ulilipwa kwa pembe. Na pembe nyingine zilinunuliwa, nyingine zikatwaliwa kwa vita, na kati ya waliozibeba mpaka pwani walikuwamo watumwa. Taria Topan hakuja Maniema kuchoma kijiji. Alikaa Zanzibar na daftari lake. Lakini bila daftari lile, msafara ungeondoka na nini?

Hatusemi haya kwa kushitaki kabila wala dini ya mtu. Wakristo wa Ulaya nao walinunua sehemu katika kampuni kama ABIR, iliyoanzishwa mwaka 1892 kukusanya mpira kule Equateur. Walipokea faida yao kwa utulivu, huku wanakijiji wakipigwa na wake zao wakifungwa mpaka mpira utimie.

Mtu atasema: hao ni matajiri, sisi tuna franka kidogo tu. Basi tutazame hizo kidogo.

Wakati wa njaa, mkulima anakuja kuomba feza ya dawa ya mtoto. Tunampa, kisha tunachukua mpunga wake ungali kijani shambani, kwa bei iliyo chini sana ya ile ya siku ya mavuno. Tunaita hiyo msaada. Au tunawapa vijana unga, mafuta na vyombo vya kuchimba dhahabu kule Salamabila, katika Kabambare, na sehemu yetu tunaingoja nyumbani. Wakirudi tunauliza uzito wa dhahabu. Hatuulizi kama shimo liliegemezwa kwa miti, kama watoto walibeba mawe, kama mtu wa bunduki alitoza kodi njiani.

Tena iko faida isiyo na kazi yoyote nyuma yake. Miaka ya 1990 na 1991, kule Kinshasa, watu wengi walipeleka feza zao kwa Bindo Promotion, wakiahidiwa kuzipata mara nyingi zaidi. Wa kwanza walipata kweli. Lakini walichopata kilikuwa feza ya wale waliokuja nyuma, na mwaka 1991 mambo yote yakaanguka. Faida ikija bila jasho letu, iko mahali ilikotoka.

Basi tuondoe feza zetu zote, tukae mbali? Hapana, si vyepesi hivyo. Mwezi wa 9 mwaka 2010 serikali ilisimamisha uchimbaji katika Maniema na katika Kivu mbili, mpaka mwezi wa 3 mwaka 2011. Nia ilikuwa kuwanyima feza watu wa silaha. Lakini mchimbaji naye alikosa chakula, na pamoja naye mama aliyemuuzia unga na mtoto aliyelipiwa masomo. Kwa hiyo haki haitimizwi kwa kukimbia tu. Inatimizwa kwa kuingia na masharti, au kwa kufungua njia nyingine.

Tunawaomba wandugu wajiulize maswali matatu kabla ya kutoa feza yao. Nani anatoka jasho katika kazi hii, naye anapata sehemu gani? Hasara ikija, nani ataibeba: sisi sote, au yule maskini peke yake atabaki na deni? Na tunaweza kuyaeleza mapatano haya mbele ya Kanisa, yule mfanyakazi akiwa amesimama hapo na ruhusa ya kusema?

Wamama wa likelemba wanatuonyesha mfano. Kila mmoja anajua feza inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani, na siku gani. Kikundi kama hicho kinaweza kumkopesha mkulima mbegu na kupatana naye kwamba mpunga utahesabiwa kwa bei ya soko siku ya mavuno, na mvua ikikosekana, deni lingoje mwaka unaofuata.

Tusidanganyane: faida itakuwa ndogo. Lakini mkulima atabaki na chakula cha watoto wake, na siku ya sadaka hatutakuwa na haja ya kuificha njia ambayo feza yetu ilipitia.

Amani ya Bwana ikae nanyi nyote.