Mbali kwa Upendo, au Mbali kwa Woga?



Leo nina swali ambalo limenikaa moyoni tangu mwaka 2020. Ukikaa mbali na mtu unayempenda ili usimwambukize ugonjwa, je, huo ni upendo? Wengi tutajibu haraka: ndiyo, ni upendo. Hata mimi nilijibu hivyo. Nilijibu vizuri mdomoni, nikakosea uani kwetu. Acha niwasimulie.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, kule Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu akatangaza shule zifungwe, na siku iliyofuata vyuo. Mimi nilikuwa chuoni Dar es Salaam. Nikafunga begi, nikapanda basi, nikashuka Igunga na kutafuta gari la kwenda kwetu Choma. Njia nzima watu walikuwa wanaangaliana kwa mashaka. Mtu akikohoa, basi zima linageuka.

Nyumbani tulikuwa tunaishi na Bibi, mama yake baba. Alikuwa ameshapita miaka 80, na pumu ilikuwa inamsumbua tangu zamani. Aliposikia sauti yangu alitoka nje, mikono ameinyoosha. Kwetu mjukuu akirudi kutoka mbali hapokelewi kwa maneno tu. Anashikwa mikono, anashikwa uso, anaangaliwa kama amekonda. Mimi nikarudi nyuma hatua mbili, nikasema, "Bibi, usinisogelee."

Nilikuwa sahihi. Nimetoka mjini, nimekaa kwenye basi lililojaa siku nzima, ningewezaje kumkumbatia mtu mwenye pumu? Lakini mikono yake ilibaki hewani kidogo. Kisha akaishusha, akaifuta kwenye kitenge chake kama mtu aliyetoka kunawa, akarudi ndani.

Mama alishaniandalia chumba cha uani: ndoo yangu, sabuni yangu, sahani yangu. Siku 14. Mdogo wangu wa darasa la tano ndiye aliyeniletea chakula. Anakiweka kizingitini, anakimbia huku anacheka. Kwake ilikuwa mchezo.

Kwangu haikuwa mchezo. Kutwa nzima nilikuwa na simu. Bando likiisha naomba lingine. Kila saa inaingia sauti ya mtu nisiyemjua, anatangaza vifo, anatangaza dawa, anatangaza mwisho wa dunia. Usiku moyo unadunda, nahesabu pumzi zangu, najipapasa paji la uso kama lina joto. Na si mimi peke yangu. Baba alikuwa ananunua mpunga vijijini na kuuuza mjini, na wateja wake walikuwa wamepungua. Alianza kula bila kusema neno. Mama alikuwa anapima unga kwa kikombe, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Tulikuwa watu watano kwenye ua mmoja, na kila mtu amejifungia na hofu yake.

Siku 14 zikaisha. Sikuwa na homa wala kikohozi. Nikaanza kutoka. Makanisa yetu hayakufungwa, basi Jumapili nilikwenda Misa. Mlangoni tunanawa, maji ya baraka yameondolewa, na kwenye kutakiana amani tunainamiana vichwa bila kushikana mikono. Mchana nilikwenda kijiweni, tunakaa watano kwenye benchi moja, tunabishana mpira ambao hata haukuchezwa. Jioni narudi chumba changu cha uani. Bibi akikaa mlangoni kwake nampungia mkono kwa mbali, napita. Moyoni najiambia, "Namlinda Bibi."

Pasaka ilikuwa tarehe 12 Aprili. Sote tulikwenda kanisani isipokuwa yeye. Tuliporudi tulimkuta amekaa pale pale, amevaa nguo yake ya sikukuu.

Mwisho wa Aprili, Mama alinifuata uani. Hakukaa. Akaniuliza, "Hivi zile siku 14 ziliisha lini?"

Nikasema, "Mama, namlinda Bibi."

Akanyamaza kidogo. "Sawa. Ila Bibi ameniuliza amekukosea nini."

Ndugu zangu, usiku ule sikulala, na safari hii haikuwa sababu ya korona. Nilianza kujihoji. Kama kweli nilikuwa namlinda Bibi, kijiweni nilikuwa natafuta nini? Mtu anayemlinda mgonjwa wa pumu angepunguza matembezi yake ili aweze hata kukaa karibu na mlango wake. Mimi niliyatunza matembezi yangu yote, nikakata kitu kimoja tu: Bibi. Mimi nilikuwa natembea, yeye ndiye aliyefungiwa. Tena kumwogopa mgonjwa, kumwona mzee anavyohema, kukaa na mtu anayeweza kufa, vyote hivyo vilikuwa vinanitisha tangu kabla ya korona. Korona ilinipa tu jina zuri la kukimbia.

Kumbe umbali peke yake haukwambii kama ni upendo. Fungueni Injili ya Luka. Katika sura ya 10, kuhani anamwona mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, anapita upande mwingine wa njia. Mlawi naye hivyo hivyo. Huo ni umbali. Halafu nenda sura ya 17. Wakoma kumi wamesimama mbali, kwa sababu sheria iliwataka wasisogelee watu, na wanapaza sauti kumwita Yesu. Yesu anawaona, anawajibu pale pale walipo, na wakiwa njiani wanatakasika. Huo nao ni umbali. Hatua za miguu zinaweza kuwa sawa kabisa. Tofauti ni kwamba huku mtu aliitwa akajibiwa, na kule mtu alionekana akapitwa.

Mkoa wetu wa Tabora unalijua jambo hili kwa historia yake. Katika karne ya 19 misafara ilipita hapa ikitoka pwani kwenda Ujiji na kurudi na pembe za ndovu, na wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Ndui ilitembea na misafara hiyo. Ikawa mpagazi akiugua, mara nyingine aliachwa kando ya njia na wenzake wakaendelea. Inawezekana waliomwacha walisema wanawalinda waliobaki wazima, na huenda hawakukosea kuhusu ugonjwa. Lakini gharama yote ya usalama wao aliilipa mtu mmoja, yule aliyebaki chini ya mti peke yake.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Swali la kujiuliza ni hili: umbali huu nani anaulipia? Kama anayelipa ni yule dhaifu peke yake, na mimi sijapungukiwa kitu, basi huo ni woga uliovaa nguo ya upendo. Kama na mimi unanigharimu, muda wangu, raha yangu, kijiwe changu, basi unaweza kuwa upendo kweli.

Watakatifu wetu walilijua hili. Mwaka 1576 tauni ilipoingia Milano, watu walizuiwa kutoka majumbani. Mtakatifu Karoli Boromeo, askofu wao, hakusema wavunje zuio. Aliweka altare kwenye njia panda ili watu waifuate Misa wakiwa madirishani kwao, na akatumia mali yake kuwalisha maskini. Miaka 15 baadaye, mwaka 1591, Mtakatifu Aloisi Gonzaga, msimamizi wetu vijana, aliuguza wagonjwa wa tauni huko Roma, akaambukizwa na kufa akiwa na miaka 23. Mmoja alipanga namna ya kuwafikia watu kwa mbali, mwingine aliwabeba mikononi. Si kila mmoja wetu anaitwa kufanya kama Aloisi. Ila wote wawili walilipa.

Asubuhi yake nilichukua kigoda, nikavaa barakoa aliyoishona Mama, nikakaa chini ya mwembe hatua kama tano kutoka mlango wa Bibi. "Mwangaluka, Bibi." Alinitazama kwa muda. Halafu akaitikia, akaongeza, "Kumbe unanijua bado?"

Nilistahili. Nikamweleza ukweli: kwamba mwanzoni nilikuwa namlinda, na baadaye nilikuwa najikimbiza mwenyewe. Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Leta rozari."

Tangu siku ile niliacha kijiwe. Kila jioni tulisali rozari kutoka pande mbili za ua, yeye anaanza, mimi napokea. Siku ya tatu mdogo wangu alileta kigoda chake. Baadaye Mama. Baba alikuja wa mwisho, akakaa nyuma kabisa, na jioni moja baada ya sala akasema kwa mara ya kwanza kwamba anaogopa ada ya chuo ataitoa wapi. Hakuna aliyekuwa na jibu. Lakini hofu ile ikawa yetu sote, haikuwa tena yake peke yake.

Niseme na hili. Kuogopa si dhambi. Yesu mwenyewe alifadhaika Gethsemane, na aliwaomba rafiki zake wakeshe naye. Kunawa mikono na kuvaa barakoa si ukosefu wa imani. Kujirusha kutoka mnarani ili Mungu akudake lilikuwa wazo la shetani, si la Yesu. Na kama wasiwasi umekuzidi, hulali, huli, unawaza mabaya, usikae nao peke yako. Mwambie mzazi, mwambie paroko, nenda hospitali. Daktari naye ni mkono wa Mungu.

Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni 2020, nikarudi Dar. Bibi alifariki miaka miwili baadaye, kwa uzee. Nilikuwepo, na nilimshika mkono. Ila kuna zile wiki tatu za Aprili, pamoja na Pasaka ile aliyokaa mlangoni na nguo yake ya sikukuu. Hizo sitazipata tena. Nimeziungama, naamini nimesamehewa, lakini bado nazikumbuka, na nadhani ni vizuri nizikumbuke.

Kijana mwenzangu, jioni ya leo jiulize mambo matatu:

1. Nani nyumbani kwetu nimemweka mbali, na sababu ninayoitaja ndiyo sababu ya kweli?
2. Umbali huo unanigharimu nini mimi?
3. Kama siwezi kumsogelea, je, ameisikia sauti yangu leo?

Tusali: Ee Yesu, uliyewasikia wakoma waliosimama mbali, nisaidie niwaone wale niliowapita. Nipe busara ya kuwalinda na ujasiri wa kuwapenda, na usiniache niite woga wangu kwa jina la upendo. Amina.

Kama una bibi au babu, mpigie simu kabla hujalala. Mungu awabariki.