Chuo Kidogo na Shauri la Mwalimu

Kijana mmoja wa Chimala, mwana wa mkulima wa mpunga, alinijia mwaka jana akauliza: "Mwalimu, shahada ya uzamili ya fasihi niisomee hapa chuoni kwetu, au niende Dar es Salaam?" Swali lilikuwa lake, lakini mizani ilikuwa mkononi mwangu, wala haikuwa safi. Darasa letu lilikuwa na watu wanne. Akiondoka yeye wangebaki watatu, na darasa la watatu halikosi mtu wa kutaka lifungwe.

Udogo si aibu. Chuo cha Dar es Salaam chenyewe kilianza mwaka 1961 kwa kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiotimia 20. Kwetu mwalimu humrudishia mwanafunzi karatasi mara tatu mpaka sentensi isimame. Walakini maktaba yetu ni haba, na mwalimu akihama, tasnifu hubaki yatima. Kule iko taasisi iliyorithi kazi ya Kamati ya Lugha ya mwaka 1930.

Je, mwenye duka ana haki ya kumshauri mteja juu ya duka la jirani? Wengine watasema anyamaze. Lakini kunyamaza nako ni kumwacha kijana aongozwe na sifa za jina tu. Naona aseme, ila ataje kwanza faida yake. Nikamwambia: "Mwanangu, mimi nakuhitaji, yapime maneno yangu ukilijua hilo." Kisha nikamweleza upungufu wetu wote, maana karo ingetoka katika magunia ya baba yake, si katika mshahara wangu.

Alishukuru, akapanda basi kwenda kushauriana na mzee wake. Nakiri ya kuwa wiki tatu zilizofuata sikupitisha siku bila ya kutazama orodha ya waombaji.