Uongo wa Mpelelezi

Mwaka 1965 ilitokea senema ya Kiingereza iitwayo The Spy Who Came in from the Cold, iliyotokana na kitabu cha John le Carré cha mwaka 1963. Waliozoea mbio na vishindo vya James Bond hawakuvikuta humo. Picha ni nyeusi na nyeupe, vyumba ni vya huzuni, na mpelelezi mwenyewe, Alec Leamas, ni mtu aliyechoka, ajifanyaye mlevi na fukara ili adui amnunue. Leamas aamini kwamba ametumwa kumwangamiza Mundt, mkatili mmoja mwenye cheo katika ujasusi wa Ujerumani ya Mashariki. Mwishowe atambua kwamba Mundt ni mtu wa Waingereza wenyewe, na kwamba aliyekusudiwa kuangamizwa ni Fiedler, ambaye katika kundi lile lote ndiye aliyekuwa na chembe ya uadilifu. Naye msichana wa maktaba aliyempenda Leamas auawa kwa risasi kwenye ukuta wa Berlin.

Twaitaja senema hiyo kwa kuwa yauliza neno ambalo hadithi nyingi za wapelelezi hulikimbia. Je, jambo likiwa la haki, haki yake yatosha kuusafisha uongo unaotumika kulitetea?

Sisi nasi tunaye mpelelezi wetu, Willy Gamba, aliyebuniwa na Aristablus Elvis Musiba katika Kufa na Kupona, kitabu cha mwaka 1974. Siri za wapigania uhuru zimeibwa, naye atumwa Nairobi kuzitafuta. Kitabu hicho kilipendwa mno, wala hatushangai. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na katika mji huohuo, tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane aliuawa na bomu lililofichwa ndani ya kitabu alicholetewa katika kifurushi. Musiba hakuwa na haja ya kubuni adui. Lakini hadithi za namna hii humpa msomaji raha moja ambayo maisha hayampi: ukifika ukurasa wa mwisho, adui amejulikana ni nani, na uongo wote uliosemwa njiani umehesabiwa kuwa werevu.

Basi tuitazame Morogoro. Hapa, chini ya Milima ya Uluguru, chama cha ANC cha Afrika ya Kusini kilifanya mkutano wake mashuhuri kuanzia tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei 1969. Baadaye, katika shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, kilijengwa chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Ni nani awezaye kusema kwamba jambo lao halikuwa la haki? Na serikali ya makaburu ilipenyeza majasusi wake kati yao. Hofu yao haikuwa ndoto. Walakini hofu hiyo ilizaa gereza la Quatro, nchini Angola, ambamo watu wa chama kilekile waliteswa na wenzao. Baadhi yao walikuwa askari walioasi kwa manung'uniko yao tu. Wengine walishukiwa ujasusi. Walipofunguliwa mwishoni mwa 1988, wako walioletwa Dakawa, mkoani humu humu.

Yampasa msomaji afikiri jinsi jambo hilo linavyotendeka. Jasusi mmoja aingiapo katika nyumba haibi siri tu. Huwaachia watu wa nyumba macho ya kutazamana kwa shaka, na mkweli hana njia ya kuonyesha kwamba ni mkweli, maana maneno yake ni yaleyale ambayo mwongo angeyasema.

Mtakatifu Agostino aliliona hilo zamani. Yapata mwaka 420 mtu mmoja, Consentius, alimwuliza kama ni halali Wakatoliki kujifanya wafuasi wa Prisciliano, ili kuwafichua wazushi hao waliojificha kwa uongo. Agostino alikataa kabisa. Yule tutakayemnasa kwa uongo, alisema, atajuaje kwamba sasa twamwambia kweli? Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akifundisha juu ya vita vya haki, aliruhusu kumficha adui mashauri yetu, lakini si kumwambia uongo wala kuvunja ahadi tuliyompa.

Mtu atasema kwamba hayo ni rahisi kwa mapadre wakaao na vitabu vyao, wasioletewa bomu katika kifurushi. Neno hilo lina uzito, nasi hatulipuuzi. Mama aliyemficha mkimbizi chini ya kitanda, akiulizwa na wauaji, hana nafasi ya kufungua kitabu cha Tomaso. Hatutamhukumu mama huyo. Bali mama huyo alisema neno moja, mlangoni, usiku mmoja. Idara yenye ofisi, mishahara na majalada, ambayo kila siku kazi yake ni kudanganya, ni kitu kingine, nayo haiwezi kukopa udhuru wa mama huyo.

Mwaka 1992 ANC yenyewe iliunda tume kuchunguza mambo ya Quatro, na Nelson Mandela akaitangaza taarifa yake hadharani, na majeraha yote yaliyomo, hali makaburu wangali madarakani na wakiitafuta kila sababu ya kukiaibisha chama chake.